Wadudu Weupe wa Nkoma

Kaka yangu Yusufu tulimzika Kimaka, Jinja, wiki tatu zilizopita, baada ya sala ya adhuhuri. Alikufa kitandani kwake, mzee mwenye meno yote, jambo alilopenda kujisifia mbele ya wazee wenzake vibogoyo. Baada ya maziko tulikaa kwenye mikeka na vikombe vya chai ya rangi, na mzee mmoja wa msikitini akasimama kumzungumzia marehemu. Akasema kwamba katika mwaka wa vita Yusufu alishikwa Mbale pamoja na watu wengi, na Mwenyezi Mungu akamchagua yeye arudi. Watu wakasema Alhamdulillahi. Mimi nikainama nikajifanya natafuta kijiko. Hadithi hiyo nimeisikia kwenye harusi, kwenye matanga, hata kwenye foleni ya hospitali, na kila mara aliyechagua ni Mungu. Niliporudi Mbale nikapita kwa mjukuu wangu, ambaye anasoma chuo na amepanga chumba mtaa wa Nkoma. Ana chupa kubwa ya kioo aliyopanda majani ndani yake, mambo ya vijana wa siku hizi, na akanivuta nikaangalie. "Jajja, hivi vitu vyeupe ni nini?" Mkono mwingine ulikuwa umeshika kopo la dawa ya kupuliza. Nikamwambia aitoe dawa hiyo chumbani sasa hivi, kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwangu, kisha nikakaa kitandani kwake. Alidhani ni shinikizo la damu, akaniletea maji. Ilikuwa hofu tu, ile ile ya zamani. Miaka yote hii nilidhani imezeeka kama mimi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Yusufu na mimi tulikuwa tumehama Jinja kwa sababu chumba chetu Kimaka kilikuwa karibu mno na askari, na askari waliokuwa wakishindwa vita walichukua kila chenye magurudumu. Yusufu alikuwa dereva wa lori. Tulidhani vita havitafika Mbale, na askari wale walidhani hivyo hivyo, wakampata Yusufu njiani na kumfanya awabebe wao na magodoro yao mpaka mjini, bunduki ikiwa sikioni mwake. Kisha wakaendelea kukimbia, na baada ya siku chache wakaingia wakombozi, kama tulivyowaita wale waliowashinda. Waliingia mchana, watu wakacheza barabarani. Mimi pia nilicheza, nakiri, na leso yangu ikaanguka nisijali. Wiki haikwisha maswali yakaanza: nani aliwabebea wale waliokimbia, nani aliwapikia, nani aliwashonea. Yusufu aliwabebea. Habari ya bunduki sikioni haikuandikwa popote. Alichukuliwa asubuhi moja pamoja na Sulaimani, fundi wa cherehani ambaye tulipanga chumba katika ua wake. Sulaimani alikuwa ameshona sare za jeshi lile kwa miaka mingi, kama alivyoshona sare za shule na kanzu za maulidi. Wakafungiwa katika ghala la zamani la pamba upande wa viwanda, wao na wengine kumi.

Mke wa Sulaimani tulimwita Mama Rehema. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye utani, aliyeweza kukuchekesha huku akikutuma maji. Sabuni ilikuwa imeadimika mwaka ule kuliko nyama, na yeye alikuwa na kipande kimoja, akakikata kwa uzi na kunipa nusu. Kila asubuhi tulikwenda sote wawili kusimama kwenye lango la ghala na mabakuli yetu yaliyofungwa vitambaa. Siku moja akatoka koplo mmoja, mtu wa milimani huko Bugisu, akauliza: "Nani hapa najua kupika, na Swahili yake ni safi? Afande nataka mtu ya nyumba." Mama Rehema akanisukuma mgongoni. "Nenda," akaninong'oneza. "Ukiwa ndani utasikia mambo yao. Utuambie." Koplo akanitazama kutoka juu hadi chini. "Wewe iko na ndugu humu ndani?" Nikasema hapana, nimemsindikiza huyu mama tu. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa mwaka ule, na ulinitoka bila kujikwaa.

Nyumba ilikuwa Nkoma, ya mwalimu mmoja wa sayansi aliyevukia Kenya na kuacha ufunguo kwa jirani. Afande, ambaye alikuwa kapteni, ndiye aliyekaa humo. Alikuwa mzaliwa wa kwetu aliyeishi ugenini miaka mingi, na alirudi na Kiswahili kilichonyooka, cha polepole. Ukali wowote katika Kiswahili hicho hungeweza kuujua kwa sauti. Sisi tulizoea Kiswahili cha askari wanaopiga kelele. Ukipigiwa kelele unajua pa kukimbilia. Kapteni aliomba chumvi na kutoa amri kwa sauti moja, na mimi sikuweza kutofautisha. Sebule yake ilikuwa na meza ndefu, viti sita visivyofanana, pazia zito la rangi ya kahawa, na kwenye kona ya dirisha, juu ya meza ndogo, sanduku la kioo. Mwalimu alilitengeneza mwenyewe kwa vioo vya madirisha na lakiri ya fundi, akalijaza udongo, mawe, na mimea aliyoitoa kwenye majabali ya mlima Wanale pale maji yanapodondoka: majani yale laini yanayoota juu ya mawe kama zulia, kangaga ndogo za aina tatu, na mmea mmoja wenye majani yaliyochorwa mistari myeupe ambao jina lake sikulijua wala silijui leo. Kioo kilitoa jasho kwa ndani kila asubuhi. Kapteni alikuwa akivuta kiti mbele yake na kunywa chai akilitazama. Siku ya kwanza aliniambia, "Binti, hii bustani ikifa tutakosana." Akanywa chai yake. Nilikwenda jikoni nikaosha sahani zilizokwisha kuoshwa. Yule aliyesema tutakosana ndiye aliyeshika funguo za ghala.

Kulikuwa na sheria ya kuonja. Kila chakula kabla hakijakwenda mezani, mimi nilichota kijiko mbele ya koplo, nikala, koplo akahesabu kimoyomoyo kisha akabeba. Mwanzoni tuliifanya kama mchezo. Koplo alisema mimi ni tajiri kuliko yeye kwa sababu nyama naila ikiwa bado ya moto. Kisha Ramadhani ikaingia. Nikamwambia koplo kwamba nimefunga, akakuna shingo, akasema, "Haya dada, mimi nasema umeonja." Alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliokaribia kuniua.

Wiki ile ile wadudu walitokea. Niliona kwanza kitu kama unga mweupe kwenye kona ya jani lile lenye mistari, nikadhani ni vumbi la chokaa. Nikaligusa likatembea. Baada ya siku mbili walikuwa wamejikunja kwenye kila kifundo cha kangaga kama vipande vidogo vya pamba, na majani yalianza kunata na kugeuka manjano. Nilishikwa na hofu hata nikasahau swaumu. Nikafanya nilivyoona nyumbani Jinja wakiwafanyia wadudu wa mboga: nikaloweka tumbaku katika chupa ya soda, nikaiacha kwenye dirisha la jikoni ipate jua. Msichana gani mwenye akili anaweka chupa ya sumu katika jiko la mtu anayeogopa sumu? Lakini kwetu tumbaku haikuitwa sumu. Ilikuwa dawa ya sukumawiki, kila mama alikuwa nayo.

Siku ya tatu ya mfungo, saa saba mchana, kapteni aliingia jikoni mwenyewe kutafuta kiberiti. Chakula kilikuwa tayari kwenye sahani, matoke na nyama. Akaona chupa, akaifungua, akainusa.

"Hii ni nini?"

"Maji ya tumbaku, Afande. Ni ya wadudu wa kwenye sanduku."

"Yanaua?"

"Yanaua wadudu, Afande."

"Na mtu?"

Hakungoja jibu. Akamgeukia koplo. "Leo ameonja?"

Koplo akaangalia buti zake. "Leo hapana onja, Afande. Huyu iko kwa saumu."

"Tangu lini?"

"Siku tatu."

Kapteni akavuta kigoda kwa mguu, akaweka sahani mbele yangu. "Kula, binti."

"Nimefunga, Afande."

"Nimesikia. Kula."

Ningependa kuandika kwamba nilikula kwa ajili ya Yusufu. Watoto wangu, kama mtasoma haya, ukweli ni kwamba nilikula kwa sababu niliogopa kufa, na kichwani mwangu wakati ule hapakuwa na Yusufu wala Mungu, palikuwa na midomo yangu tu na kijiko. Nilikula matoke mpaka nusu ya sahani, nikimeza kwa machozi, na kapteni amesimama akiangalia saa ya ukutani. Ilipopita kama robo saa, alichukua sahani hiyo hiyo, akakaa kwenye kigoda kingine, akala nusu iliyobaki. Kisha akabeba ile chupa akaimwaga nje kwa mkono wake. "Nimevuka vita vizima," alisema. "Sitaki kufia kwenye sahani. Katika nyumba hii hakuna dawa. Ya panya, ya mbu, ya wadudu, hakuna. Na lile sanduku lisife."

"Nitawatoaje, Afande?"

"Una vidole."

Basi nikaanza kazi ya vidole. Kila asubuhi, baada ya chai yake, niliketi kwenye kona ile na sindano, unyoya wa kuku, na maji niliyoyeyushia kijisehemu cha ile nusu ya sabuni ya Mama Rehema. Nilichomoa mdudu mmoja mmoja kwa sindano, nikafuta jani juu na chini kwa unyoya uliolowa, kisha nikasuuza kwa maji matupu ili sabuni isiunguze. Majani yaliyoharibika kabisa niliyakata nikayachoma jikoni. Sanduku nililiacha wazi saa nzima lipate hewa, maana wadudu wale hupenda pale penye joto na unyevu usiotembea. Jioni nilikuwa nimemaliza, asubuhi wamerudi. Nilidhani nimerogwa. Siku ya nne ndipo nilipoona sisimizi. Walikuwa wakipanda mguu wa meza kwa mstari, wakiingia pale lakiri ilipobanduka, na mmoja wao alikuwa amebeba mdudu mweupe mdomoni kwa uangalifu, kama mama aliyebeba mtoto. Sisimizi ndio waliokuwa wakiwafuga! Walikunywa ule utomvu wa kunata, na kila nilipowafukuza wao waliwaleta wengine. Nikatafuta makopo manne, nikayajaza maji, nikasimamisha kila mguu wa meza ndani ya kopo, kama tunavyofanya kabati la sukari. Wakaendelea kuja. Ilinichukua siku nyingine kugundua kwamba lile pazia la kahawa liligusa pembe ya meza, nao walikuwa wamehamia juu, wakishuka nalo kwa raha zao. Nikalifunga pazia kwa kamba. Baada ya hapo hakuja hata mmoja, na mimi nikajiona daktari.

Lakini mle ndani hapakuwa na wadudu tu. Kila asubuhi saa nne walikuja watu kwenye ile meza ndefu kupitia majina ya waliofungiwa ghalani: karani na daftari lake, na mzee mmoja wa mtaa aliyejua kila mtu alikaa wapi wakati wa utawala uliopita. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, kichwa changu ndani ya sanduku la kioo, na baada ya siku mbili walisahau kwamba mgongo una masikio. Jina la Yusufu liliposomwa, mzee wa mtaa alisema, "Huyu alikuwa anabeba askali, mimi mwenyewe niliona." Karani akaandika. Kapteni akauliza alibeba kwa hiari au kwa nguvu. "Hiyo mimi sijui, bwana. Lakini lori ilikuwa yake." Nilichoma sindano kwenye kidole changu mwenyewe nisigeuke. Jioni nilirudi kwenye ua, nikafuturu na Mama Rehema kwa uji na mihogo, nikamwambia yote: fulani ameulizwa, fulani ataachiwa, fulani hawakumtaja. Alikuwa akinisikiliza mdomo wazi, kisha anacheka na kusema, "Wallahi, wadudu hawa Mungu awazidishe." Habari hizo alizipeleka langoni kesho yake kwa wanawake wengine kwa minong'ono. Kwa mara ya kwanza tangu vita nilijiona mtu wa maana. Niliogopa mchana kutwa na bado nilitamani asubuhi ifike.

Kisha kapteni akasimama nyuma yangu siku moja, akainama mpaka nikasikia pumzi yake, akatazama sanduku. Kangaga zilikuwa zimetoa machipukizi mapya, yamejikunja kama mikia ya vinyonga. "Umefanya kazi," akasema. "Wiki ijayo utarudi jikoni kabisa." Nilimshukuru. Nilikwenda jikoni nikakaa juu ya gunia la mkaa, na nikaelewa kwamba nimejifukuza mwenyewe. Bila wadudu sikuwa na sababu ya kuwa sebuleni saa nne. Bila sebule nisingejua kitu mpaka siku nitakapofika langoni na kuambiwa.

Nilichofanya nimekificha miaka mingi kuliko umri wa mjukuu wangu. Nilikuwa nimebakiza wachache kwenye jani moja ambalo sikuwa nimelichoma. Nikachukua kiazi mbatata kilichoanza kuchipua, nikalilaza hilo jani juu yake, nikakiweka ndani ya kopo tupu la majani ya chai nyuma ya lile gunia. Wadudu wale hupenda machipukizi ya kiazi kuliko kitu chochote. Baada ya siku tano kiazi kilikuwa cheupe. Kila asubuhi nilibeba wanane au kumi ndani ya kiganja, nikawaweka mmoja mmoja kwenye vifundo vya chini, ambako wataonekana lakini hawatamaliza mmea. Kisha nikakaa kuwatoa. Niliwahesabu kama dozi: nikizidisha, jani lile la mistari litakufa na tutakosana, nikipunguza, nitarudishwa jikoni. Na kama mtu angefunua kopo lile nyuma ya gunia, ningesema nini? Chupa ya tumbaku ilikuwa na maelezo. Kopo la wadudu wanaofugwa halikuwa nayo. Nilianza kuota ndoto kwamba wadudu wanatoka jikoni kwa mstari na kupita katikati ya miguu ya kapteni wakielekea nyumbani. Nilikonda. Koplo alisema mfungo huu unanila mimi badala ya mimi kuula.

Jumapili ya mwisho ya Ramadhani walisoma orodha. Karani alisema wakubwa wanataka wale wa ghala la pamba wapelekwe Jinja Jumatano asubuhi, wote kumi na wawili, na kutoka Jinja watapelekwa mbele. Mbele wapi, mzee wa mtaa akauliza. Karani akasema hakuandikiwa. Wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu ambao hawataki kuulizana zaidi. Jina la nne lilikuwa la Sulaimani, fundi cherehani. La tisa lilikuwa la Yusufu. Niliendelea kufuta jani moja mpaka likachanika. Wale wawili walipoondoka, kapteni alibaki, akavuta kiti chake kwenye kona kama kawaida. Nikaweka sindano chini, nikapiga magoti, kama tunavyofanya kwetu mbele ya mkubwa.

"Afande, huyo wa tisa ni kaka yangu."

Aligeuza kiti kunitazama. "Uliulizwa kama una ndugu."

"Nilisema uongo, Afande."

"Na hawa?" Akanyoosha kidole kwenye kioo, pale kifundoni, ambapo asubuhi ile nilikuwa nimeweka tisa. "Sisimizi uliwazuia. Pazia ulilifunga. Mimi si mtu wa mjini, binti, lakini najua mdudu hazaliwi na kioo."

Nikamwambia. Nikamwambia kiazi, kopo, gunia, kila kitu, isipokuwa kwamba habari nilizipeleka kwa Mama Rehema. Hilo nadhani alilijua. Nilisubiri anipige, na ningeshukuru, kwa sababu kupigwa ni kitu kinachokwisha. Yeye aliangalia zile kangaga.

"Mmoja anaweza kuugua," alisema mwishowe. "Homa ya manjano. Mgonjwa hapakiwi kwenye lori na wenzake. Mmoja, si wawili. Na neno moja likitoka nje kabla ya Jumatano, wanawake wakaja kulia pale langoni, wakubwa wataniuliza nani alisema, na hata huyo mmoja atapanda. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Afande."

"Sasa hawa wadudu uwamalize leo."

Niliwamaliza kwa mchana mmoja. Nilichemsha kile kiazi mpaka kikawa uji, nikakizika. Nikang'oa kila mmea, nikaosha mizizi kwenye maji matatu, nikautoa udongo wote na kuukaanga kwenye sufuria kuukuu juu ya mkaa mpaka ukatoa moshi, nikasugua vioo kwa ndimu na majivu, nikaziba pale palipobanduka, nikapanda upya. Ilipofika alasiri sanduku lilikuwa safi kabisa, na halikurudiwa tena na mdudu hata mmoja kwa miezi yote niliyofanya kazi pale. Ningeweza kufanya hivyo siku ya kwanza kama ningejua.

Jioni hiyo nilifuturu na Mama Rehema. Alikuwa amepata sukari kidogo, sijui wapi, akaitia yote kwenye uji wangu. "Leo umesikia nini?" Nikamwambia leo hawakusema kitu, walicheza karata. Jumatatu akauliza, nikasema kapteni alikuwa na mafua. Jumanne akauliza, nikasema wamezungumza mambo ya mafuta ya magari tu. Aliamini kila neno, kwa sababu hakuwa na sababu ya kutoamini. Siku hiyo ya Jumanne alikuwa akipiga pasi kanzu ya Sulaimani kwa pasi ya mkaa, maana koplo alikuwa ametangaza kwamba Jumatano lango litafungwa lakini siku ya Idd wanawake wataruhusiwa kuleta chakula kizuri na nguo safi. Nilimshikia ncha ya kanzu isiguse chini. Kama ningesema kabla usiku haujaingia, angekimbia langoni angalau amwone. Angepiga kelele, angekwenda kwa masheikh, angelala mbele ya lori. Ndiyo, angefanya hayo yote, namjua. Ndiyo maana sikusema. Nilikuwa namwogopa kapteni, lakini siku zile tatu nilimwogopa Mama Rehema zaidi.

Jumatano lori liliondoka. Mwezi ukaandama jioni, na Alhamisi ikawa Idd. Tulikwenda langoni tumevaa nguo zetu nzuri, Mama Rehema amebeba bakuli kubwa la pilau lililofungwa kitambaa cheupe, na kanzu mkononi. Wanawake walikuwa wengi, wamejipaka wanja. Koplo akafungua kilango kidogo, na aliyetoka alikuwa Yusufu peke yake, akiwa na ndevu na miguu myembamba, akiyakinga macho yake na jua. Nilimkumbatia, ananuka ghala. Nyuma yangu niliwasikia wanawake wakiuliza, kwanza kwa upole. Koplo alisema kwa sauti ya chini, akiangalia buti zake, "Wengine walienda jana. Wako Jinja. Huyu alikuwa mugonjwa." Kisha pakawa na kilio ambacho sitajaribu kukiandika.

Mama Rehema hakulia. Alisimama na bakuli lake mpaka wengine walipoanza kutawanyika, wakikimbilia barabara ya Jinja kana kwamba lori lingekuwa bado linaonekana. Akamtazama Yusufu, akatandika ile kanzu iliyopigwa pasi juu ya nyasi kandokando ya ukuta wa ghala, akafungua kitambaa.

"Kaa, mwanangu, ule," alimwambia. "Chakula cha Idd sitakirudisha nyumbani."

Yusufu alikaa akala kama mtu aliyesahau kuwa kuna watu. Mama Rehema akaniangalia mimi.

"Hadija, huko ndani hukusikia kitu?"

"Sikusikia, mama."

"Basi hata wewe walikuficha," akasema, akanifuta uso kwa ncha ya leso yake. Kisha akachambua pilau kwa vidole, akatafuta kile kipande kikubwa cha nyama ambacho huwekewa mwenye nyumba, akakigawa mara mbili, kimoja akampa Yusufu na kingine akaniwekea mkononi. Nilikuwa na njaa ya mwezi mzima. Nilikila chote.